Baofeng UV-5R kiunoni mwa mwokoaji wa Mombasa: inafaa wapi, inakwama wapi

Kikundi cha waokoaji wa fuo, walinzi wa hoteli au vijana wa huduma ya kwanza kikichanga pesa ya mawasiliano, redio koli inayotajwa kwanza ni Baofeng UV-5R. Ni rahisi, inapatikana, na ina kila kitu kwenye karatasi. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa kazi ya nchi kavu ndani ya kikundi kimoja, ikipangwa na mtu anayeijua, inastahili bei yake. Kwa kazi ya majini, usiitegemee kwa roho ya mtu. Na kuhusu swali kubwa zaidi, yaani zimamoto, polisi, ambulensi, wazamiaji na manahodha kusikilizana kwenye tukio moja, inasaidia sehemu tu, na sehemu hiyo inatokana na mpango wa chaneli kuliko redio yenyewe.

Sifa zake kwanza. Inashika bendi mbili za masafa: VHF kuanzia 136 hadi 174 MHz na UHF kuanzia 400 hadi 480 MHz (matoleo mengine hufika 520). Ina nafasi 128 za chaneli, nguvu ya wati 4 hivi kwa juu na wati 1 kwa chini, na betri ya volti 7.4 yenye 1800 mAh. Kwa mujibu wa kijitabu chake, ikikaa kimya hula mpaka miliampea 75, ikipokea kwa sauti 380, ikirusha 1400. Piga hesabu ya zamu ambayo asilimia 5 ya muda unazungumza, asilimia 5 unasikiliza na asilimia 90 umenyamaza: wastani ni kama miliampea 157, kwa hiyo betri mpya inakupa saa 11 hivi. Lakini kwenye tukio halisi watu huzungumza mara tatu ya hapo, na saa 11 zinakuwa 6 au 7. Betri ya akiba kwa kila redio ni lazima.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye kipokezi. Karibu kazi yote inafanywa na chipu moja, na vichujio vilivyo mbele yake ni hafifu. Matokeo yake ni kwamba chombo chenye nguvu kikirusha karibu, hata kwa masafa mengine, UV-5R inakuwa kiziwi. Hapa kwetu hilo si jambo la nadharia. Simama ukingoni mwa mlango wa Likoni wakati tagi (boti ya kuvuta meli) au meli inapita ikizungumza kwa redio ya wati 25, au simama chini ya mnara wa utangazaji, na mwenzako aliye mita 600 anapotea ghafla. Taa ya kupokea inaweza kubaki imewaka huku spika ikitoa mvumo mtupu. Wengi hukimbilia kununua antena ndefu kama Nagoya NA-771. Ufukweni Nyali au Bamburi, mbali na minara, antena hiyo inasaidia kweli. Karibu na bandari inazidisha ubaya, kwa sababu inamwagia kipokezi kile kile hafifu mawimbi makubwa zaidi. Hapo antena fupi iliyokuja na redio ni bora, na kuhama hatua 50 nyuma ya jengo ni bora zaidi.

Upande wa kurusha nao una kasoro. Vipimo vya maabara ya ARRL, chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani, vimeonyesha kwamba redio nyingi za modeli hii hutoa mawimbi ya ziada kupita kiwango kinachoruhusiwa. Ukirusha kwenye 155 MHz, mara tatu yake ni 465 MHz, ambayo iko katikati ya UHF. Kama kikosi cha pili kimesimama pembeni yako kikitumia masafa ya karibu na hapo, unaweza kukivuruga bila kujua. Kwa umbali wa chini ya nusu kilomita, rusha kwa wati 1.

Sasa mipangilio, maana hapa ndipo redio nyingi za aina hii zinaharibikia mikononi mwa watu wazuri. Menyu ya 7, TDR, inaifanya redio ichungulie chaneli mbili kwa zamu. Wauzaji huiita kusikiliza chaneli mbili. Si kweli: kipokezi ni kimoja, kinaruka huku na huku, na mwanzo wa ujumbe hukatika. Kibaya zaidi, ukipokea kwenye mstari wa chini kisha ukabonyeza kuzungumza, jibu lako linatoka kwenye chaneli hiyo ya chini, si ile uliyodhani. Mwokoaji anajibu "nimefika", na aliyemuuliza hasikii kitu. Zima TDR kabisa. Ikiwa ni lazima uitumie, nenda menyu ya 34, TDR-AB, uiweke A.

Menyu ya 3, SAVE, hulaza kipokezi kwa vipindi ili kuokoa betri. Kwenye kazi ya dharura izime. Kulala huko pamoja na muda ambao redio inachukua kutambua toni (mlio usiosikika unaofungua spika ya anayepokea) hula silabi za kwanza, na "usiingie" inakuwa "ingie". Pamoja na hilo wafundishe watu kubonyeza, kuhesabu moja kimoyomoyo, ndipo waseme.

Menyu ya 9, TOT, ni ukomo wa kurusha mfululizo. Weka sekunde 60. Redio iliyokaliwa kwenye kiti cha gari huku kitufe kimebonyezwa inaweza kufunga chaneli ya kikosi kizima, na bila ukomo huo hakuna wa kuifungua mpaka betri iishe. Menyu ya 23, BCL, huzuia kurusha chaneli ikiwa na mtu. Iache imezimwa: mwenye dhiki asizuiwe na mvumo.

Halafu kile kitufe cha rangi ya chungwa ubavuni. Kikiguswa kidogo kinafungua redio ya utangazaji, na taarabu inaanza katikati ya operesheni. Kikishikiliwa kinapiga king'ora, na kwa mpangilio wa TONE king'ora hicho kinarushwa hewani pia. Nenda menyu ya 32, AL-MOD, uweke SITE ili kelele ibaki hapo hapo. Watu wengi wanakidhania ni kitufe cha dharura kama cha redio za kikosi. Sicho. Hakimwambii mtu yeyote wewe ni nani wala uko wapi. Mwisho, shikilia alama ya # mpaka vitufe vifungike, la sivyo mfuko wa suruali utabadilisha masafa.

Kuingiza chaneli kwa mkono inawezekana. Weka redio kwenye hali ya masafa, mstari wa juu, andika masafa, kisha pitia menyu ya 2 kwa nguvu, ya 5 kwa upana, ya 13 kwa toni ya kurusha na ya 11 kwa toni ya kupokea, halafu menyu ya 27 uchague namba na uthibitishe. Chaneli ya ripita (mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha upya mbali zaidi) inahifadhiwa mara mbili kwenye namba ile ile: masafa ya kupokea kwanza, ya kurusha baadaye. Kwa redio zaidi ya tatu usijisumbue. Tumia kebo na programu ya CHIRP, tengeneza faili moja, mimina faili hilo kwenye redio zote. Faili moja kwa wote lina thamani kuliko redio ghali zilizopangwa kila moja kivyake. Redio ikikataa kusomwa na kompyuta, mara tisa kwa kumi ni dereva ya kebo au plagi haijaingia mpaka mwisho. Isukume mpaka isikike ikibana.

Tuje majini. UV-5R haina kiwango chochote cha kuzuia maji. Tundu za maikrofoni ya nje zimefunikwa na kipande cha mpira tu, na kifaa cha nje huamsha urushaji kwa kuunganisha vyuma vya tundu hizo mbili. Maji ya chumvi hufanya kazi hiyo hiyo. Tone likiingia hapo, redio inarusha yenyewe na kuziba chaneli wakati ule ule watu wanapoihitaji. Ikianguka inazama. Hata isipoanguka, hewa ya chumvi ya msimu wa kusi inashambulia vyuma vya betri na pini ya antena ndani ya miezi michache: utaona rangi ya kijani, kisha redio inazimika ukibonyeza kuzungumza, kwa sababu mkondo wa kurusha haupiti vizuri. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kila wiki. Mfuko wa plastiki wa kuzuia maji unasaidia, ila unapunguza sauti, na antena ikijikunja ndani yake umbali wa kusikika unafupika.

Jambo la pili la majini ni masafa yenyewe. Chaneli 16 ya bahari, ile ya mwito na dhiki, ni 156.800 MHz, na UV-5R inaifikia. Lakini VHF ya bahari inatumia nafasi ya 25 kHz, kwa hiyo menyu ya 5 lazima isome WIDE. Ikibaki NARR, sauti ya nahodha inakwaruza kila akipaaza, na yako inamfikia kama mnong'ono. Vilevile chaneli nyingi za kuzungumza na vituo vya pwani zina masafa mawili yaliyoachana kwa 4.6 MHz. Chaneli 26, kwa mfano, meli hurusha 157.300 na kituo hurusha 161.900. Aliyeingiza masafa moja tu anasikia upande mmoja wa mazungumzo na kudhani kituo kimenyamaza.

Ushauri wetu ni huu: weka chaneli 16 ya kusikiliza tu. Kwenye CHIRP, safu ya Duplex, chagua off, na redio haitarusha hapo. Kanuni ya 4.9 ya Kanuni za Kimataifa za Redio inamruhusu aliye kwenye dhiki, na hata anayemsaidia, kutumia njia yoyote aliyo nayo, lakini hiyo ni ruhusa ya dharura, si mpango wa kazi. Kikosi kinachokwenda kumwokoa kinatakiwa kiwe na redio ya bahari iliyoidhinishwa.

Redio hiyo si lazima iwe ya ajabu. Icom IC-M25 inarusha wati 5, inaelea, taa yake inawaka na kuzima ikigusa maji, inahimili kuzama kwa kiwango cha IPX7 na inachajiwa kwa kebo ya USB, yaani hata na betri ya simu ndani ya boti ya faiba. Kasoro yake ni kwamba haina DSC, ule mwito wa dhiki wa kidijitali unaokwenda chaneli 70. Anayetaka DSC na GPS atazame Standard Horizon HX890 ya wati 6, inayoelea pia. DSC inahitaji namba ya MMSI, yaani namba ya kukitambulisha chombo, na namba za Kenya huanza na 634. Redio ya DSC isiyoingizwa MMSI ni sawa na simu isiyo na laini, na bado boti nyingi zinabeba redio za namna hiyo. Ukiwa na bajeti ya redio nne za UV-5R kwa boti moja, nunua IC-M25 moja au mbili badala yake.

Umbali hauongezwi na wati kama watu wanavyodhani. Juu ya maji, upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.1 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Mtu aliyekaa kwenye boti, antena ikiwa mita 1.5, anaona kilomita 5. Watu wawili wa namna hiyo wanasikizana kilomita 10 kwa nadharia, na pungufu mawimbi yakiwa makubwa. Antena moja ikipandishwa mita 20 juu ya paa la jengo la ufukweni, upeo unafika kilomita 23. Kwa hiyo pesa za kuongeza nguvu zitumie kununua nguzo, kebo nzuri na antena ya paani. Mji wa Kale ni habari nyingine. Kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vinameza VHF, na huko UHF inapenya milango na madirisha vizuri zaidi. Hapa UV-5R, kwa kuwa na bendi zote mbili, inapata alama zake za haki.

Sasa kusikilizana kati ya idara. Mlango wa Likoni unaonyesha vizuri kwa nini jambo hili lina uzito. Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee, kazi ya kulitafuta na kulitoa ilichukua hadi Oktoba 11 na ikakusanya Jeshi la Wanamaji, watu wa feri, watu wa bandari na wazamiaji binafsi kwenye maji yale yale. Kila upande kwa kawaida huja na redio zake. Meli na tagi ziko VHF ya bahari. Hoteli na walinzi wako UHF ya analojia. Polisi wana mtandao ambao Safaricom ilijengea Nairobi na Mombasa baada ya mkataba wa 2014, nao unatumia teknolojia ya LTE, ile ya 4G ya simu. Hakuna masafa utakayoandika kwenye UV-5R yakakuingiza kwenye mtandao huo. Redio za kidijitali za DMR nazo, UV-5R inazisikia kama mngurumo wa pikipiki tu.

Ila upande wa pili unawezekana, na hapa ndipo redio hii ya bei ndogo ina faida ambayo haisemwi. Redio za DMR za kikosi, kama Motorola DP4801e, zinaweza kupangiwa chaneli za analojia pembeni ya zile za kidijitali. Kwa hiyo analojia ya kawaida ndiyo lugha pekee ambayo redio ya bei ya chini na redio ya bei ya juu zote zinaielewa. Mkikubaliana chaneli moja ya pamoja ya analojia, yenye kibali, kila idara ikaiweka kwenye namba ile ile na kwa jina lile lile, mmemaliza nusu ya safari. Marekani ilifika hapo kwa gharama kubwa. Septemba 11, 2001, maonyo ya helikopta za polisi wa New York hayakuwafikia zimamoto waliokuwa ndani ya majengo, na watu 343 wa idara ya zimamoto walikufa siku hiyo. Leo wana chaneli za pamoja zenye majina ya taifa zima, kama VCALL10 kwenye 155.7525 MHz na toni ya 156.7 Hz, ambayo kazi yake ni kuitana tu, kisha watu wanahamia chaneli nyingine.

Toni ndiyo mtego. Kwenye chaneli ya pamoja weka toni ya kurusha, menyu ya 13, lakini menyu ya 11 iwe OFF. Ukiweka toni ya kupokea, ambulensi iliyosahau toni itakuita mpaka ichoke na wewe redio yako iko kimya, taa inawaka tu. Kosa hili moja linazalisha malalamiko mengi ya "redio mbovu" kuliko ubovu wenyewe. Upana nao ukubaliwe: wote 12.5 au wote 25 kHz. Na msitumie misimbo ya namba ya idara moja. Semeni Kiswahili cha wazi: "Boti ya pili, njoo gati la Likoni, mgonjwa mmoja, anapumua."

Pale ambapo idara ina mfumo usio na analojia, kama TETRA (aina nyingine ya redio za kidijitali za vikosi) au LTE, kuna njia mbili. Ya kwanza ni mtu: afisa kiungo wa kila idara anakaa meza moja na wenzake, redio yake mkononi, anapokea na kupitisha. Haina gharama na haiharibiki. Ya pili ni mtambo wa kuunganisha. Mitambo ya kazi hiyo, kama ACU-1000 iliyoanzia kwa kampuni ya JPS ya Marekani, inapokea redio ya kila idara kwenye moduli yake na kuunganisha sauti. Wengine hujaribu njia ya mkato kwa UV-5R mbili na kiboksi cha relei (swichi inayopitisha sauti ya redio moja kwenda nyingine) katikati, moja VHF na nyingine UHF. Inafanya kazi kwa masharti. Rusheni kwa wati 1, kwa sababu kwa wati 4 mfululizo redio inachemka. Antena ziachane mita kadhaa, moja juu ya nyingine. Msitumie bendi moja kwa zote mbili, zitazibana masikio. Jihadharini na mchezo wa kurushiana, ambapo mkia wa mvumo wa redio moja unaamsha nyingine na kurudi, bila kikomo; toni za kupokea kwenye redio hizo mbili za katikati ndizo dawa, na hapo tu ndipo menyu ya 11 inatakiwa iwashwe. Kwa siku ya mazoezi kiboksi hicho kinatosha. Kwa tukio kubwa, hapana.

Bei ya DP4801e moja hununua UV-5R zaidi ya kumi, na kiongozi wa kikosi bado anaihitaji: ina kiwango cha IP68 cha kuzuia vumbi na maji, ina GPS na kitufe cha dharura cha kweli. Kumi zile wapewe wanaopanga umati, wanaobeba machela na wanaoongoza magari.

Kabla ya kununua hata moja, omba kibali cha masafa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na uulize kama modeli unayotaka imeidhinishwa kwa matumizi hayo. UV-5R inaweza kurusha mahali pengi ambapo wewe huna ruhusa, na haitakuonya. Kwa shughuli za bahari, ongea mapema na Kituo cha Kanda cha Kuratibu Uokoaji Baharini, kilichozinduliwa hapa Mombasa mwaka 2006, mjue mtaitana vipi. Dukani, fungua kila boksi, weka betri na urushe sekunde 30 kwa nguvu ya juu ukiwa mita 100 na redio ya pili. Inayozimika, inayokwaruza au inayochemka haraka kuliko wenzake irudishe hapo hapo. Kisha bandika namba kwenye kila redio, betri na chaja, kwa rangi isiyofutika na maji ya chumvi.